Obiero Hayumo

Ploti ile ya vyumba vya kupanga mtaani Langas ilijaa wanawake waliokuwa wakigombania mfereji wa maji siku Mideva alipoingia na tableti mkononi, sketi ya buluu imemkaa kisawasawa. Alikuwa karani wa utafiti wa ajira. Mlango wa mwisho ulifunguliwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Mideva akamuuliza kama wiki ile alifanya kazi yoyote ya malipo, hata ya saa moja. Kijana huyo, Obiero, alikuwa na digrii ya uhandisi na hakuwahi kuajiriwa popote, lakini alimtazama binti yule, akajibu kwamba yuko na kampuni ya ujenzi. Mwanamume gani atamwambia mrembo kuwa hana kazi?

Walipendana haraka. Obiero alimpigia simu kila jioni akimwita karani wangu, naye Mideva akiringa kidogo kabla ya kucheka.

Kisha mheshimiwa mmoja akatangaza mkutanoni kuwa utafiti umeonyesha vijana wa Langas sasa wana kazi. Mpinzani wake akasema takwimu zimepikwa. Obiero, akiongea na Mideva kwenye simu, akamuunga mkono mpinzani huyo kwa hasira.

"Nilizikusanya mimi," Mideva akasema. "Hata wewe umo."

Obiero akashusha sauti. "Mide, mimi sijawahi kuwa na kazi."

"Si uliniambia uko na kampuni?"

"Ulikuwa umependeza. Ningesema nini?"

Mideva aliumia, akaacha kupokea simu zake. Lakini awamu ya pili ya utafiti hurudi nyumba zilezile, na kabla hajabisha mlango alikuwa ameshamsamehe. Obiero alikuwa amekonda. Akaomba safari hii aandikwe ukweli: hana kazi.

"Mwezi huu umetafuta?"

"Niliacha. Nimechoka kufukuzwa getini."

Mideva akamweleza kwa shida kwamba aliyeacha kutafuta hahesabiwi miongoni mwa wasio na kazi.

"Kwa hivyo hata huko simo?"

"Sema unatafuta, babe. Tafadhali."

"Nilikudanganya mara moja. Sirudii."

Mideva akaandika alichoambiwa. Obiero akamwambia kwamba kesho anarudi kwao Siaya kulima shamba la babake.

"Ningekuoa, Mide. Lakini nikupeleke wapi?"

Roho ilimuuma Mideva sana. Alijipangusa machozi kwa mkono wa sweta, akaenda kubisha kwa jirani.