Alama Tano za Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya masomo, Danbi alikuwa na kazi aliyokabidhiwa na babu yake tangu alipotimiza miaka kumi na mmoja. Kazi hiyo ilikuwa kukagua pikapu. Lilikuwa gari kuukuu la buluu, na ndilo lililoteremsha kabichi za shamba lao kutoka mlimani. Danbi alikagua upepo wa magurudumu, akatazama oili, kisha akachuchumaa kuchungulia kopo la maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, lililojificha nyuma ya kichwa cha gari. Akimaliza, aliweka alama ya vema kwenye daftari lililoning'inia uani.

Hivyo ndivyo alivyofanya mwanzoni. Baridi ilipoanza kuuma na ardhi kuganda, kuchuchumaa kule kukawa adhabu. Tena rafiki yake Yerin alikuwa akimngoja langoni, vijiwe vya kudaka vikilia mkononi.

"Njoo bwana, tucheze!" Yerin alimhimiza siku moja. "Kwani hayo maji yana miguu? Yataenda wapi?"

Danbi akacheka, akaweka alama bila kuangalia. Ijumaa iliyofuata akarudia. Ya tatu hata hakujiuliza. Alama za uongo zikafika tano.

Jumapili moja mchana, Babu alirudi kutoka kupeleka kabichi za mwisho akiwa amekunja uso. Mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi kwenye rangi nyekundu, na mvuke ulitoka chini ya viti, mahali injini ilipokaa. Danbi alikimbilia gari, lakini Babu akamzuia kwa mkono.

"Usiguse kifuniko cha rejeta! Injini ikiwa moto, maji hukurukia usoni. Liache lipoe."

Walingoja karibu saa nzima. Bibi alitoka na sahani ya viazi vitamu vya kuchoma, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikuwa amengoja miezi mitano apate nafasi ya kupasuliwa, na nafasi yenyewe ilikuwa kesho yake, saa mbili asubuhi, hospitali ya mjini.

Gari lilipopoa, Babu alifungua kifuniko. Rejeta ilikuwa karibu kavu. Akalala chini kuchungulia uvunguni, asione tone hata moja. Ndipo alipochukua daftari, akasoma, akatikisa kichwa.

"Juzi Ijumaa maji yalikuwa sawa, leo hakuna kitu, na chini hapajalowa. Basi yameingia ndani ya injini. Gasketi inayozuia maji yasiingie ndani imekufa. Hiyo si kazi ya uani, mjukuu wangu. Injini nzima lazima ifunguliwe, na leo gereji zimefungwa."

"Kwa hiyo kesho…?" Bibi aliuliza.

"Nikikupakia humu, litatufia katikati ya mlima na baridi hii. Lori la jirani limekwenda Seoul, na basi la kwanza hufika mjini saa nne. Nisamehe, mke wangu. Tutaomba siku nyingine."

"Si neno," Bibi alisema. "Macho haya yamezoea kungoja. Yatangoja theluji iyeyuke."

Akaingia ndani. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Danbi alimwona akitoa sweta yake nzuri kwenye mfuko wa safari, akaitafuta mikono yake kwa vidole, akaikunja polepole na kuirudisha kabatini.

"Babu," Danbi alisema. "Usiliamini hilo daftari."

"Unasemaje?"

"Sikuangalia maji juzi. Wala Ijumaa ya nyuma yake. Niliweka alama tu."

Danbi alitamani agombezwe, lakini mzee aliketi juu ya ndoo na kuuliza kwa upole, "Wiki ngapi?"

"Tano." Machozi yakamtoka.

"Wiki tano," Babu alirudia. Mara akainuka. "Wiki tano! Basi huenda hayakupotea kwa siku mbili. Huenda yamevuja kidogo kidogo, yakikauka kwenye joto la injini. Futa machozi, lete karatasi nyeupe na tochi. Haraka!"

Wakainua viti, wakaanza kupitisha karatasi kwenye kila mpira wa maji, kiungo kwa kiungo. Kwenye mpira wa chini, karatasi ilitoka na unga wa kijani.

"Hapa!" Danbi alipiga kelele. "Babu, hapa pameota ukoko!"

"Ndiyo njia ya maji hiyo. Yana dawa ya kijani; yakivuja na kukauka huiacha hapo."

Kibano kilichoshika mpira kilikuwa kimeliwa na kutu, na ncha ya mpira imepasuka. Mkono wa Babu, uliovimba viungo, haukupenya mle, kwa hiyo bisibisi aliishika Danbi. Walikata ile ncha mbovu, wakausukuma mpira mahali pake, wakaufunga kwa kibano kipya kutoka sanduku la vifaa la Babu. Kisha wakajaza maji ya rejeta yasiyoganda na kuwasha injini, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu yakaisha. Babu akapanda na gari kilimani mara mbili. Mshale ulikaa katikati, haukutikisika.

Danbi alikimbia ndani. "Bibi, toa sweta!"

Asubuhi saa mbili kasorobo walikuwa hospitalini. Bibi alipoingizwa chumba cha upasuaji, Danbi na Babu waliketi barazani.

"Mbona hukunigombeza?" Danbi aliuliza.

"Ulikuwa umeshajigombeza. Hata hivyo nisikilize. Gari halina mdomo, mjukuu wangu. Mimi nililitibu kwa kufuata maneno yako. Ukiandika jambo usiloliona, unamfumba macho mwenzako, naye atapotea akidhani anaona njia. Jana ungenyamaza, ningefungua injini nzima isiyo na ugonjwa. Kusema kweli kulikuchoma, lakini ndiko kulikoponya." Akamwekea mkono begani. "Na mimi nilikosa. Kazi ya kwanza humwachii mtoto wiki tano bila kuchungulia naye. Tutakuwa tukikagua pamoja."

Mlango ukafunguliwa. Bibi alitoka akiongozwa na muuguzi, jicho moja limefungwa bandeji. Danbi alimkimbilia, akaushika mkono wake.

"Polepole," Bibi alicheka. "La pili ni mwezi ujao. Mtanileta tena?"

"Tutakuleta, Bibi," Danbi alisema, akamwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye pikapu.