Chambo Cheusi Kando ya Mlango

Kila Jumamosi, baada ya sala ya asubuhi, shangazi yake Kijiti aliketi mezani karibu na dirisha akifunga manyoya kwenye ndoana. Alizungusha uzi taratibu mpaka ndoana ikafanana na mdudu aliyetua majini. Samaki wa mto ule wa mlimani hawakutaka minyoo. Walirukia wadudu wanaopita juu ya maji.

Kando ya mlango kilipigiliwa kipande cha gome laini. Yeyote aliyekwenda mtoni alichomeka hapo chambo kimoja cha manyoya: cheusi kama anavua darajani, chekundu kama anapanda kwenye kidimbwi cha juu, penye miamba. Akirudi alikichomoa na kusema kwa sauti, "Nimerudi!"

Jumamosi moja Kijiti, msichana mwembamba wa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kuvua peke yake kwa mara ya kwanza.

"Darajani tu," shangazi alisema. "Kule juu, mvua ikinyesha mlimani maji hujaa ghafla, hata kama hapa jua linawaka. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Binamu yake, mtoto wa shangazi, alikuwa akifunga kamba za viatu. "Utuletee wale wadogo wa kukaangia kwenye kijiko," alimtania. "Samaki wa darajani ukimtia mdomoni, unabaki unamtafuta kwa ulimi!"

"Utaona leo!" Kijiti alijibu, uso umemwiva.

Akachomeka chambo cheusi. Kisha akashika njia ya kwenda kidimbwi cha juu.

Kule maji yalikuwa maangavu. Alikanyaga jiwe baada ya jiwe mpaka kwenye mwamba wa katikati, akarusha mshipi kama alivyofundishwa. Chambo chekundu kikatua bila kishindo. Alirusha tena na tena, akijizuia kuukumbuka mlango wa nyumbani. Hatimaye samaki mnene akakidaka.

"Kijiko, eh?" alicheka peke yake, akamtia kapuni.

Hakuona maji yakigeuka rangi. Alipotazama nyuma, mawe aliyoyakanyaga hayakuonekana tena. Maji ya tope yalikuwa yakipita juu ya mawe hayo kwa kasi, na kileleni lilikaa wingu jeusi.

"Shangaziii!"

Mto ulimeza sauti yake. Ndipo likamjia wazo lililomtia baridi kuliko maji yenyewe. Wakianza kumtafuta, watamtafuta darajani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo.

Maji yakamfika vifundoni. Kapu likasombwa pamoja na samaki, naye hakuligeukia. Alikumbatia ncha ya mwamba, meno yakigongana.

"Ee Mungu, nimedanganya," aliomba. "Usiniache hapa."

Alipoinua macho aliutazama mto ukiteremka, akakumbuka unakopita. Unapita chini ya daraja! Alivua kofia yake, akafungua chambo chekundu kwenye mshipi, akakichomeka mbele ya kofia, katikati kabisa, akaitupa majini.

Kisha akangoja. Maji yalipanda magotini. Aliomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki akirudia "tafadhali, tafadhali."

Shangazi alitokea ukingoni akikimbia peku, kofia mkononi. Binamu alikuwa nyuma yake na kamba.

"Usiruke! Kaa hapo hapo!" shangazi alipaza sauti.

Mara ya kwanza kamba iliangukia mbali. Mara ya pili ikachukuliwa na maji, wakaivuta tena. Mara ya tatu Kijiti aliidaka.

"Jifunge kiunoni! Kaza fundo, kaza tena!"

Wakamvuta. Alimeza tope, goti likachubuka kwenye jiwe, halafu akahisi nyasi chini ya viganja vyake.

Shangazi hakumgombeza. Alimkumbatia akalia, na hilo lilimuuma Kijiti kuliko fimbo.

"Tulipoona wingu mlimani tulikimbilia darajani, hukuwapo. Kofia ilipotokea," shangazi alisema, "nilitazama kama kichwa chako kimo ndani yake. Sijui nilisimamaje. Nilipoinasa nikaona chambo chekundu kimechomekwa pale mbele, nikajua aliyekichomeka yuko hai, na yuko kidimbwi cha juu."

"Nisamehe, shangazi."

"Na mimi unisamehe, Kijiti," binamu alinong'ona. "Mdomo wangu huu!"

"Miguu ilikuwa yangu," Kijiti alijibu.

Nyumbani, chambo cheusi kilikuwa bado mahali pake. Shangazi alisimama mbele ya chambo hicho.

"Kutamani samaki mkubwa si kosa, mwanangu. Hata mimi nawatamani. Lakini ukiwa mbali, chambo hiki ndicho macho yangu. Ulipokitumia kudanganya, ulinifumba macho siku niliyohitaji kuona. Mwambie anayekupenda ukweli wa uendako, hata kama unajua atakukataza. Akikukataza, utakasirika jioni moja. Asipojua ulipo, anaweza kukukosa maisha yake yote."

Kijiti alinyoosha mkono. Akakichomoa chambo.

"Nimerudi," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Nimerudi, shangazi!"

"Asante, Mungu," shangazi alijibu, akaenda kumtafutia nguo kavu.