Balbu ya Kitanda cha Tatu

Balbu ya sita iliibwa mchana kweupe, katika wodi ya wagonjwa mahututi, juu ya kichwa cha mtu asiyeweza hata kufumbua macho.

Inspekta alikitazama kishikio kitupu, akacheka. Miaka ishirini ya upelelezi, leo anasaka balbu! Daktari wa wodi hakucheka.

"Afande, huyu ataniponyoka. Mwili una saa yake. Homoni ya kuamsha hupanda asubuhi, ya usingizi hupanda usiku. Mgonjwa akizidiwa, saa hiyo huvurugika. Tunawawashia taa kali mchana na kuzima usiku, ili irudi. Wenzake imewarudia. Yeye vipimo vya damu vimepinduka, ya usingizi inapanda mchana! Na mwizi ananiibia taa."

"Balbu hupotea saa ngapi?"

"Saa saba, saa ya kuona wagonjwa. Kesho yake asubuhi fundi anaweka nyingine."

"Nani huja kumwona?"

"Mkewe tu. Yule mama mpole, hata salamu anaitoa kwa kunong'ona."

Inspekta alipanda kiti. Alama za vidole, hakuna. Lakini kwenye kishikio palikuwa na vumbi jeupe. Akalinusa. Unga wa ngano. Haya makubwa!

Kesho yake alijibanza nyuma ya pazia la kitanda cha nne. Saa saba mama aliingia na kikapu, akampapasa mumewe shavu, akazima taa, akapanda kiti. Akaifungua balbu kwa ncha ya mtandio.

"Hodi, mama," inspekta akasema. "Shuka taratibu, usije ukaanguka."

Mama alishuka. Hakukimbia.

"Ni mimi, baba. Zile sita ziko kabatini kwangu, hata moja sijaiwasha."

"Kwa nini basi?"

"Huyu ni mwoka mikate. Miaka thelathini na moja anakanda unga watu wakilala, analala watu wakiamka. Mchana, kwangu hata watoto walicheza kwa kunong'ona. Siku hizi tanuri nalishika mimi, lakini usingizi wake siwezi kumlalia. Nikizima taa tu, wanaiwasha tena. Nilimweleza muuguzi, akasema, 'Mama, hapa ni hospitali.' Ningefanyaje?"

Daktari, aliyesikia yote kutoka mlangoni, alichukua fomu ya mgonjwa. Umri, uzito, ugonjwa. Kazi haikuulizwa popote.

"Kumbe saa yake ilikuwa nzima," alisema, uso umemshuka. "Sisi ndio tuliokuwa tunaivuruga. Nisamehe, mama."

Tangu hapo kitanda cha tatu kilifunikwa giza mchana na kuwashiwa taa jioni. Siku ya tano, jua likizama, inspekta alikuja kuchukua balbu zake za ushahidi. Alimkuta mwoka mikate amefumbua macho.

"Mmeniacha nikapitiwa na usingizi," mgonjwa alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nani kakanda unga?"

"Mimi," mkewe akajibu, machozi yakimtoka.

"Chumvi umetia?"

Inspekta alifurahi mpaka akasahau balbu.

"Nimetia, baba watoto," mama alisema. "Pona, uje uonje."