Nafasi ya Neno la Mwisho

Pasi ilikuwa baridi. Fundi cherehani aliigusa kwa kiganja kizima ili ajiridhishe, akatazama waya wake uliolala sakafuni mbali na ukuta, kisha akanusa tena. Chumba cha kushonea kilinuka kitambaa kilichoungua. Alizikagua nguo zote za wateja zilizoning'inia ukutani, asione hata moja yenye alama. Akafungua dirisha, akarudi kwenye kiti, akaendelea na mazoezi ya mwanawe.

Mwanawe hakuwemo chumbani. Hilo ndilo lililokuwa kosa, na inafaa lielezwe kwa utaratibu.

Mtoto alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu bila kutamka neno. Masikio yake yalipimwa, yakakutwa mazima. Alielewa aliyoambiwa, alicheka palipostahili kicheko, na akitumwa kiatu alileta kiatu. Ila midomo haikufunguka kwa usemi. Mama mkwe wa fundi, aliyeishi nao, alimwita mjukuu wake Bwana Mkubwa.

"Wakubwa hawajibu salamu," aliwaambia wateja, fundi akisikia. "Upande wetu watoto huongea kabla hawajatambaa. Sijui huyu kachukua wapi."

Tabibu wa usemi, mwanamke kijana asiye na haraka, alimfundisha fundi njia moja. Unasema sentensi fupi unayoirudia kila siku, unaiacha bila neno la mwisho, kisha unanyamaza. Unasema, "Tunavaa…" huku kiatu kiko mkononi, na unasubiri mpaka mtoto aijaze nafasi.

"Kusubiri huko ndiyo dawa yenyewe, dada," alisema. "Lakini awe mbele yako, auone mdomo wako. Usiache nafasi hewani."

Aliyasema hayo kwa sababu za kitaalamu tu. Hakuwa akiwaza jambo jingine. Fundi, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kushona mshono mmoja mara mbili. Mtoto akiwa barazani na bibi yake, yeye alijizoeza peke yake ili asikosee saa ya somo ikifika. Tunakunywa, akanyamaza. Tunanawa, akanyamaza. Nyumba ikajaa sentensi zilizokatika, kila moja ikingoja mtu wa kuimaliza.

Siku hiyo ya harufu, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, alisema, "Tunafungua…"

"Mlango," ikajibu sauti ya mtoto kutoka stoo ya vitambaa.

Aliruka akakimbilia stoo. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa, na ndani mlikuwa na mafungu ya vitambaa peke yake. Akakimbilia barazani, mtoto alikuwa ameketi karibu na bibi yake, akigonga sakafu kwa kijiko. Mtu aliyetulia angetambua kwamba sauti ilitoka mahali pamoja, ilhali mtoto alikuwa mahali pengine. Fundi hakuwa ametulia. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu mno hata asiweze kuanza kulihoji. Akajiambia kwamba mtoto ana mbio, akarudi stoo, akaufungua mlango wote, akauacha wazi.

Tangu hapo sauti ikawa ya kila siku, na kila mara ilitanguliwa na harufu ile. Baba wa mtoto aliitwa "baba" kutoka ukumbini, akalia huku ameshika kiatu alichokuwa akikivua. Mama mkwe akaacha utani. "Nilijua tu," akasema. "Damu yetu hii." Wateja wakaja na pongezi. Mtoto mwenyewe, kila sauti iliposikika, aligeukia stoo kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu chake mchana kweupe, na hakuna aliyeutazama uso huo.

Aliyeutazama kwanza ni tabibu, alipokuja kwa somo. Alimketisha mtoto mbele yake, akainua kiatu. "Tunavaa…"

"Kiatu."

Tabibu akakishusha kiatu taratibu. "Dada," alinong'ona, "mdomo wake haukufunguka."

"Anasema haraka."

"Nilikuwa namtazama. Kazi yangu ni kumtazama."

Ndipo sauti ikaendelea bila kuulizwa, ikataja dirisha, kiti, nywele za tabibu, jasho lililokuwa likimteremka shingoni, ikiyataja kwa ulimi laini wa mtoto anayejivunia maneno mapya, na kila neno likawa karibu zaidi kuliko lililotangulia, kutoka stoo hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi nyuma ya kiti, huku harufu ya kuungua ikiwakaba koo, na mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa imebanana hadi kupauka, akiuficha uso kwenye mapaja ya mama yake; kisha ikasema polepole, kama tabibu mwenyewe alivyofundisha, "Tunafunga…" na ikaacha nafasi.

Hakuna aliyethubutu kuijaza.

Mganga aliyeletwa na baba wa mtoto alizunguka nyumba bila kugusa kitu, akasimama stoo, akatikisa kichwa. "Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Mmemwachia nafasi, akakaa. Sasa zibeni. Sentensi mkiianza, imalizeni wenyewe. Na sauti ya mtoto ikiita kutoka mahali usipomwona, usiitike."

"Hata akilia?" fundi aliuliza.

"Hata akilia. Huyu anaishi kwa kuitikiwa. Asipoitikiwa ataondoka."

Wakatii. Sauti ililia stoo, ikaomba maji, ikasema mama naungua, na fundi akabana meno akashona, machozi yakidondokea vitambaa vya watu. Siku kwa siku harufu ikapungua, na kilio kikawa kama kinatoka nyumba ya jirani.

Ikaja adhuhuri moja. Alikuwa akikunja pindo la sketi aliposikia kutoka barazani, "Mama."

Akakanyaga kanyagio kwa nguvu zaidi.

"Mama." Mara hii ilikuwa ya taratibu, yenye kigugumizi kidogo.

Alimaliza pindo. Alipokata uzi ndipo alipovuta hewa vizuri, akagundua kwamba chumba kilinuka mafuta ya cherehani na pamba mpya, basi. Aliponyanyua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na usoni hakuwa na utani wowote.

"Mbona hukumwitikia? Nimemwona kwa macho yangu. Midomo ilimtetemeka, akalitoa neno."

"Na wewe mbona hukumwitikia?"

"Hakuniita mimi."

Fundi alimkuta mtoto ameketi na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Niite tena, baba'ngu," alimsihi, akipiga magoti. "Niko hapa. Nimekuja." Mtoto alimtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikwisha kumwona wapi, kisha akaanza kujivalisha kiatu mwenyewe.

Mganga alirudi akasema nyumba ni safi, na alikuwa sahihi. Tabibu naye alirudi, akasubiri mbele ya mtoto somo baada ya somo. Mtoto hakugeuka tena hata alipoitwa kwa jina. Mama mkwe akapata utani mpya: Bwana Mkubwa amestaafu.

Alasiri moja, nyumba ikiwa tulivu, fundi alichomoa waya wa pasi, akangoja mpaka chuma kikapoa, akakihakikisha kwa kiganja kizima. Kisha, kwa hamu ya kuitwa mama tena na sauti yoyote ile, akaenda stoo akaufungua mlango wote. Mtoto alimfuata, akashika sketi yake kwa nyuma.

"Tunafungua…" alisema mama, akaacha nafasi.

Alisubiri kama alivyofundishwa, bila haraka, akivuta hewa kwa pua. Vidole vya mtoto vikakaza kwenye sketi. Harufu ya kitambaa kilichoungua ikaja, kwanza kwa mbali, halafu karibu.