Udongo Chini ya Siti

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na Eufrasia hakulipa hata robo ya akili yake. Pikipiki ya mumewe, iliyopandishwa mbele juu ya matofali na kusimamia tairi la nyuma, ikiwa haina injini wala tangi, ilididimia. Shokapu zilibonyea taratibu, zikalia kama kitanda cha kamba kinapokaliwa na mtu mzito, kisha zikabaki hapo hapo chini. Juu ya siti hakukuwa na mtu. Kuku aliyekuwa akidonoa pembeni aliinua kichwa, akaondoka kwa haraka ya mgeni aliyekumbuka kwamba ameacha moto jikoni kwake.

"Edson! Pikipiki yako imechoka kabla haijatembea."

"Ni springi, mwalimu," Edson alijibu kutoka chini ya bati la uani, mikono imejaa grisi. "Zina umri."

"Kila kitu hapo kina umri. Kasoro ufundi wako."

Alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Edson alikuwa mhasibu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na tangu waoane hajawahi kufungua hata tochi. Wanaume wengine wakikaribia miaka arobaini huongeza mke. Wake aliongeza kutu. Ilikuwa Honda ya zamani, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba, na Edson alikuwa ameapa kuifufua mwenyewe, nyumbani, kwa spana za kuazima na video za kwenye simu. Mradi wake wa kwanza. Kila bolti ilikuwa na kikopo chake, na kila kikopo kilikuwa sebuleni kwa Eufrasia.

Kutu yenyewe ilijileta. Kijana aitwaye Maganga alikuwa akitoka nayo Kharumwa kwenda kwao, huko vijijini Shinyanga, ikamfia mtaani Nyasubi, mbele ya geti la Edson na Eufrasia. Alinuka gongo na alikuwa ametoka kulia. "Ya marehemu kaka," alisema. "Sitaki hata kuiona." Akaiuza palepale, akadandia basi, wala hakugeuka nyuma.

Edson alipong'oa siti ndipo alipokuta kifurushi cha kaniki kimefungwa kwa fundo gumu. Ndani yake mlikuwa na udongo. Mwekundu, laini kama unga.

Mahali pengine duniani mtu akikuta udongo kwenye pikipiki anaumwaga. Edson alikulia Buseresere na aliwahi kushuka duarani, yale mashimo ya wachimbaji, kabla hajaenda chuo. Alitazama ukutani kushoto na kulia, akapunguza sauti. "Huyu marehemu alikuwa anatorosha mzigo. Hili ni jiwe la dhahabu, limeshasagwa." Akaosha nusu kwenye karai mchana kutwa, akizungusha maji kwa madaha ya mtaalamu. Hakupata hata kichembe cha dhahabu. Nusu iliyobaki akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kwenye rafu ya jikoni. Labda atapata zebaki ya kukamatia dhahabu, alisema. Kisha akalisahau.

Eufrasia hakulisahau.

Alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza ilimtoka mwezi wa saba, na tangu hapo walikuwa wakiitaja hii kwa kuzungukazunguka, kama watu wanaompita mbwa aliyelala. Na alikuwa na hamu ya udongo. Yeye, mwalimu wa baiolojia, aliyewasema wasichana wa kidato cha nne mbele ya darasa zima kuhusu minyoo na upungufu wa damu, alikuwa akinunua pemba, ule udongo wa kutafuna, sokoni akimwambia muuzaji ni za wifi. Siku ile alipofungua kopo ili kulitupa, harufu ilimpiga: mvua ya kwanza juu ya ardhi iliyokauka, lakini nzito zaidi, ya chini zaidi. Mate yalimjaa. Alichota kwa ncha ya kijiko. Kesho yake hakutumia ncha.

Wiki ile ile ndipo kugonga kulipoanza.

Majini ya hadithi hungoja giza. Hili lilikuja saa nane mchana, jua likiwa utosini na majirani wakisonga ugali. Tangi la pikipiki lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, tupu, limepigwa msasa mpaka linang'aa. Likagonga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Bati linatanuka kwa joto," Eufrasia alisema, maana mtu aliyesoma hawezi kuanza na majini.

Walilihamishia ndani, kwenye sakafu baridi. Ko, ko, ko. Kimya. Alipomtazama mumewe, uso wa Edson ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake msibani.

"Nini? Sema."

"Zima redio."

"Edson, redio imezimwa."

Alikaa chini. "Mtu akifukiwa na kifusi shimoni," alinong'ona, "hapigi kelele. Anaokoa pumzi. Anagonga jiwe kwa nyundo mara tatu, halafu ananyamaza. Hicho kimya, anasikiliza kama kuna mtu anakuja."

"Na wa juu wanafanya nini?"

"Wanajibu mara mbili. Maana yake, tumekusikia." Alimshika mkono, akaubana. "Usijibu, Eufrasia. Hata kwa mzaha. Machimboni ukishajibu umeahidi. Huondoki pale mpaka mtu atoke."

Siku zilizofuata nyumba ilikosa utulivu kama mtu mwenye upele. Maji ya mtungini yalipungua bila mtu kuyachota. Ukutani, juu ya mtungi, kulitokea alama ya kiganja chekundu. Eufrasia aliifuta, ikarudi, akaifuta kwa dawa ya madoa, ikarudi pamoja na alama ya dawa. Harufu ya baruti na ya mwamba uliolowa ilikaa kwenye mapazia, kwenye wali, kwenye nywele zake. Na nyuma ya kabati mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu mwenye vumbi kifuani, akijizuia kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Kisha kugonga kukakoma. Siku nzima tangi lilinyamaza, na Edson akaanza hata kupiga mluzi akifunga kabureta. Eufrasia alienda kazini akiwa mwepesi, akasimama mbele ya kidato cha pili, akashika chaki kuchora moyo wa binadamu, na alipokuwa akichora mshipa mkubwa wa damu akasikia mlango ukigongwa, akasema karibu, na wanafunzi wakageuka kutazama mlango uliokuwa wazi tangu asubuhi, na hakukuwa na mtu, na kugonga kukaja tena, na safari hii hakukusikia kwa masikio bali kwa ngozi, kutoka chini ya kitovu chake, mara tatu, na kimya kirefu cha mtu anayesikiliza.

Kliniki, nesi aliweka kipimo tumboni, akakisogeza, akakunja uso. "Mapigo yapo," alisema. "Ila yanapiga, yananyamaza, halafu yanapiga. Kama yanangoja kitu." Alijaribu kutabasamu. "Rudi Jumatatu tumwite daktari. Ukiona damu, usingoje Jumatatu."

Eufrasia alirudi nyumbani kwa miguu. Mwezi wa saba wa mimba ulikuwa unaanza wiki hiyo.

Jirani yao Bi Kijakazi, mzaliwa wa Tabora, alikuwa akiwasomea watu wenye majini. Eufrasia alikuwa amemcheka kwa miaka minne. Sasa alibisha hodi kwake bila hata kuvaa viatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja, ila najua wasomi mnachelewa."

Alikuja na chetezo na ubani, akakaa katikati ya vikopo vya bolti, akasoma. Alisoma muda mrefu, sauti ya chini, moshi ukipanda wima. Alipofika mwisho, kutoka upande wa kabati, taratibu na kwa unyenyekevu, mtu akaitikia amina.

Bi Kijakazi akafunika chetezo.

"Huyu si jini," alisema. "Jini ukimsomea anakasirika. Huyu ni mtu, ana kwao, na alikuwa njiani kwenda. Mmeshika nini chake?"

Edson alitazama rafu. Alileta kopo la maziwa, akalifungua, akalitikisa. Chini kabisa mlikuwa na kiasi cha kujaza kiganja.

"Lilikuwa nusu," alisema, bila kuelewa. "Mimi niliosha nusu tu. Nani amechota?"

Ko, ko, ko. Safari hii wote watatu walisikia, na wote watatu walitazama tumbo la Eufrasia.

"Nilikuwa na hamu," alisema. Sauti haikuwa yake, ilikuwa ya msichana wa kidato cha nne.

Edson alimpigia Maganga. Yule kijana alilia hata kabla ya kuulizwa. Kaka yake, Masele, alifukiwa shimoni karibu na Kharumwa, alisema. Waliokuwa juu waligongewa siku mbili. Siku ya tatu mwenye shimo akasema ukuta utaua wengine, watu wakaondoka. Maiti haikutoka. Kwa hiyo walifanya wanavyofanya kwao: walichota udongo wa mdomo wa shimo, wakaufunga kwenye kaniki, mama auzike badala ya mwili. Yeye ndiye aliyekabidhiwa.

"Niliusahau kwenye siti, kaka. Nilikuwa nimelewa. Nikakumbuka kwenye basi, nimeshafika Tinde."

"Mama yako alizika nini?"

"Nilichota pale kituoni," Maganga alisema. "Kandokando ya lami."

Bi Kijakazi aliwaagiza jambo moja: mtu aliyeanza safari na chombo chake amalize na chombo hicho. Edson alifanya kazi siku mbili bila kulala. Pikipiki ambayo tangu ije kwao haijawahi kutoa hata moshi ilipokea injini yake, tangi lake, siti yake, na Ijumaa asubuhi alipopiga kiki mara moja tu ikanguruma, tulivu, kama iliyozimwa jana.

Edson alipanda peke yake, kifurushi cha kaniki, kimerudishiwa udongo uliobaki kwenye kopo na tope lililogandia kwenye karai, kikiwa chini ya siti kama mwanzo. Eufrasia alifuata nyuma kwenye Noah ya kukodi, na njia yote macho yake hayakuondoka kwenye shokapu zile, kwa sababu Edson ni mtu mwembamba na alikuwa amekaa mbele kabisa karibu na tangi, lakini nyuma pikipiki ilikuwa imelala kama iliyopakia gunia la mahindi, na kila walipopita tuta ilibonyea zaidi na kuinuka kwa shida, na dereva wa Noah, ambaye hakuambiwa lolote, alipunguza mwendo, akafungua kioo, akafunga, akafungua tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, yule abiria wa shemeji mbona amejaa vumbi hivyo?" na Eufrasia akamwambia atazame barabara, akakumbatia tumbo kwa mikono miwili, akihesabu kimya kati ya pigo na pigo, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichopita.

Mama yake Masele alikuwa amesimama uani kabla hawajafika. Mwanamke mrefu, mkavu, kichwa kimenyolewa msiba. Hakuwatazama wao. Alitazama siti ya nyuma.

"Ng'wana wane," alisema. Mwanangu.

Walipiga magoti. Edson alianza kueleza, mama akamkatiza kwa kiganja. "Nilijua. Ule aliouleta Maganga haukuwa na uzito wa mtoto. Nimeuzika, nikawapikia watu, wakala. Ningefanya nini, niseme mbele za watu kwamba mmoja kafukiwa na mwingine kanidanganya?"

Alichimba mwenyewe kwa jembe, kando ya nyumba, kwenye itongo, mahame ya wazee wao. Kaniki ikaingia. Udongo ulipofunika fundo, pikipiki nyuma yao ilitoa pumzi ndefu na shokapu zikapanda juu, taratibu, mpaka mwisho. Harufu ya baruti ikakatika kama iliyofungiwa mlango. Edson akaanza kulia kwa raha.

Mama hakulia. Alikuwa bado amekunja uso, akitazama kaburi dogo.

"Mbona amepungua?"

Eufrasia alichukua mkono wake mkavu, akauweka tumboni. Mama aliuacha mkono pale muda mrefu. Usoni mwake kukapita kitu ambacho Eufrasia angependa kisiwe furaha.

"Hiki sikiziki mimi, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hiki utakitoa mwenyewe."

Pikipiki waliiacha pale. Edson hakuiangalia mara ya pili. Ndani ya Noah alilala hapo hapo, kichwa begani kwa mkewe, mikono bado myeusi kwa grisi. Jua la alasiri lilikuwa juu ya mashamba ya pamba. Dereva alifungulia redio. Kwa mwendo wa saa nzima tumbo lilitulia, na Eufrasia akaanza kuamini, kisha akaanza kuogopa, kwa sababu lilikuwa limetulia mno, limekuwa zito na baridi kama mara ile ya kwanza, na alikuwa anaujua utulivu huo.

Tinde ilipowapita, likaja. Dhaifu. Ko. Ko. Ko.

Kimya.

Alingoja. Alifikiria watu waliokaa juu ya shimo, wakasikia, wakakung'uta suruali zao wakaondoka. Alimtazama Edson, akakumbuka alivyomwambia. Kimya kikaendelea, kirefu, cha mtu anayekaribia kuacha kusikiliza.

Eufrasia akakunja kidole, akagonga tumbo lake mara mbili.

Ndani, mtu mzima akakohoa, kikohozi kikavu. Kisha kugonga kukaanza upya, kwa nguvu, bila kunyamaza tena, mfululizo, kama kwa mtu aliyesikiwa na sasa anachimba kuja juu.