Mpiganaji Mgeni

Zuhra wa Nandagala ndiye aliyeanza kusimulia mkasa wa shoga yake Lusiana. Magharibi, Lusiana aliingia banda la gemu kumuulizia mumewe, Fidelis, aliyepotea tangu aende vibarua Nachingwea.

"Hayupo, dada," alisema Hemedy, mwenye banda, akimwonyesha mpiganaji aliyekuwa akichezwa kwenye runinga. "Sisi tuna mgeni wetu huyu tu. Ametoka gemu ya kampuni nyingine, kaja humu kuchapwa!"

Mgeni alipopigwa, aligumia kwa sauti ya Fidelis.

"Mwacheni!" Lusiana alilia.

Umeme ukakatika. Gizani, kwenye runinga iliyozimika, sauti ileile ikabisha, "Hodi." Kwa mazoea, Lusiana akajibu, "Karibu nyumbani."

Asubuhi, nyumbani kwake, alimimina uji kwenye mabakuli mawili, akaketi kusikiliza chumbani mtu akigumia, pigo baada ya pigo.