Kipimo Ambacho Hakikupimwa

Kila asubuhi Mable alimwagilia sukuma wiki za mamake, akanywa chai, akabeba mkoba na kushika njia ya shule. Njia zilikuwa mbili. Kwa miaka miwili alipita mbele ya kibanda cha Mama Muinde, fundi wa kushona sare, kwa sababu fundi huyo hakukosa neno la kumchekesha. Lakini wiki hiyo Mable alipita njia ya nyuma, ile yenye mashimo na mbwa wakali. Alikuwa akimkwepa.

Mama Muinde hakuwa na kosa lolote. Hakuweza kutembea tangu utotoni, na alikwenda kila mahali kwa kiti cha magurudumu. Binti yake alikuwa amejifungua huko Mombasa, na mjukuu alikuwa hajamwona nyanya yake. Garimoshi lilipita hapo kwao Voi kila siku, ila ili alipande, ilibidi abebwe na wanaume wawili. Alikuwa amesafiri hivyo mara moja tu.

"Nilishikwashikwa mbele ya watu wote," aliwaambia wanafunzi wa klabu ya sayansi. "Nikasema sipandi treni tena mpaka nipande mwenyewe."

Maneno hayo yaliwachoma wanafunzi. Wakabuni daraja dogo la chuma chepesi, lenye ndoano mbili za kushika ukingo wa mlango wa behewa. Mwalimu Mwandawiro, mlezi wa klabu, alisikia kuhusu mfuko uliofadhili ubunifu wa kuwasaidia wasafiri. Wakaandika barua, na jibu likaja: daraja likifanya kazi kwenye stesheni, mfuko utagharamia madaraja mengine kwa stesheni tatu. Kilichohitajika kwanza ni kipimo kimoja tu, kimo kutoka jukwaa la stesheni hadi sakafu ya behewa.

Kazi hiyo ilipewa Mable, katibu wa klabu. Siku ya kupima, mwalimu aliingia ofisini kupeleka barua ya ruhusa, akamwacha jukwaani na futi ya kupimia. Garimoshi likafika. Watu wakasukumana na masanduku, na Mable akaona haya kupiga magoti katikati ya umati kama mtu aliyeangusha shilingi. Akasema moyoni atasubiri watu wapungue. Watu wakapungua, milango ikafungwa, garimoshi likaondoka.

Mwalimu alipotoka alimwuliza kama amepata. Mable akasema ndiyo.

Ni neno hilo moja tu. Jioni alipima ngazi ya ofisi ya shule, akapata sentimita kumi na nane, akaziandika kwenye ripoti kwa mwandiko wake mzuri. Ngazi ni ngazi, alijiliwaza.

Basi mambo yakaanza kumbana. Fundi Obadiah, mchomeleaji wa karibu na soko, alitengeneza daraja kwa kipimo hicho. Shuleni wakaunda kwa mbao mfano wa mlango wa behewa, sakafu yake ikiwa na kimo hichohicho, Mama Muinde akapanda bila kusaidiwa, na shule nzima ikapiga makofi. Mable peke yake ndiye aliyejua kwamba daraja lilikuwa limefaulu mtihani ambao lilikuwa limepewa majibu. Mwalimu mkuu akamtaja kwenye paredi. Mamake akawasimulia wanawake wa kanisa. Kila sifa ilikuwa mlango mwingine unaofungwa. Jumatatu alikusudia kusema, akaahirisha hadi Jumanne, na Jumanne kusema kulikuwa kugumu zaidi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema jinsi inavyobana.

Siku ya Alhamisi alijikaza, akamwuliza mwalimu kama wanaweza kupima tena, ili tu kuhakikisha. Mwalimu akacheka, akamwambia asijishuku, kwani kipimo chake ndicho kilichowafikisha hapo. Mable akarudi darasani na hakuweza kula chakula cha mchana.

Jumamosi, siku ya kulijaribu daraja stesheni, ilifika. Jukwaani alikuwepo Rachel, afisa kutoka kwenye ule mfuko, na Obadiah na daraja lake. Mama Muinde alivaa kitenge kipya. Mapajani alikuwa na mfuko wa nguo za mtoto alizozishona kwa mkono wake, na tikiti ya Mombasa. Kwake hilo halikuwa jaribio. Lilikuwa safari.

Garimoshi likasimama. Obadiah akaliegemeza daraja mlangoni, na Mable akaona alichokuwa akikiogopa. Sakafu ilikuwa juu zaidi. Ndoano ziligusa ukingo kwa ncha tu, na daraja likainuka kama paa la nyumba. Obadiah alikuna kichwa, akasema limeshika kidogo, pengine linatosha. Rachel akatazama saa. Mama Muinde akashika magurudumu na kuanza kusogea.

Labda litashika, Mable aliwaza. Labda hakuna atakayejua. Kisha akamwona Mama Muinde akitabasamu, akashindwa. Akasimama mbele ya kiti na kukizuia kwa mikono miwili.

"Mama Muinde, usipande. Sikupima. Nilidanganya."

Mwalimu Mwandawiro alizitazama zile ndoano, uso wake ukabadilika. Akatoa futi mfukoni, akamkabidhi Mable.

"Pima sasa," alisema.

Mable alipiga magoti mbele ya abiria wote. Mlango wa kwanza, sentimita ishirini na sita. Akakimbilia wa pili, ishirini na nne. Wa tatu, ishirini na nane. Kipenga kikalia, na garimoshi likaondoka huku Mama Muinde akilitazama, mfuko wake mapajani. Mable alilia kwa aibu na kwa huruma.

Rachel alisema wazi kwamba siku hiyo hakuna ufadhili. Lakini aliziandika zile namba tatu, akauliza kwa nini milango haikulingana. Hakuna aliyekuwa akilijua jambo hilo. Akawapa wiki sita.

Mable alivuliwa ukatibu, naye hakulalamika. Kila Jumamosi alikwenda stesheni na mwalimu, akapima mlango baada ya mlango. Kutokana na vipimo hivyo, Obadiah aliweka skrubu ya kupandisha na kushusha ndoano, daraja likatoshea mlango wowote. Wiki ya sita Rachel alilikagua mwenyewe, akatia sahihi ya ufadhili.

Mama Muinde alikuwa tayari na tikiti mpya. Kabla ya kupanda alimwita Mable karibu.

"Nilikukasirikia siku tatu nzima," alisema. "Ya nne nikafikiria ningekuwa wapi kama ungenyamaza. Sikiza, mwanangu. Mtu akikuamini, huwa amepanda juu ya neno lako kwa uzito wake wote. Kama hujalipima, usimwache apande. Na ukiwa umechelewa kusema, bado sema."

"Nimesikia, mama," Mable alijibu.

Mama Muinde akashika magurudumu yake, akapanda mwenyewe.